Samadi Hii Imetoka Wapi? Kabete hadi Aludeka Tukifuata Kaboni ya Udongo

Jumatatu, Kabete

Ukipita Waiyaki Way kwa matatu huwezi kujua kwamba nyuma ya majengo na miti, kwenye kituo cha KALRO Kabete, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kuna shamba linalolimwa kwa mpangilio uleule tangu 1976. Masika mahindi, vuli maharagwe. Kuna kipande ambacho tangu mwaka huo hakijapewa chochote. Kingine hupewa mbolea ya dukani peke yake, kingine samadi, tani 5 au 10 kwa hekta, kingine hurudishiwa mabua yake baada ya mavuno, na kipo kilichobahatika kupata vyote pamoja. Tumekuta mahindi yameshavunwa. Kwa macho ya mgeni ni udongo mwekundu tu na vigingi.

Niko hapa kwa hisani ya mtafiti wa uzamivu wa chuo kikuu kimoja cha Nairobi, aliyenikubalia niandamane naye kwa ajili ya kipindi changu cha wakulima redioni. Tuko na fundi wa maabara, ambaye kekee ya kuchimbulia udongo haimtoki mkononi, na dereva asiyependa mtu aingie garini na viatu vya shambani. Anachotafuta mtafiti ni hiki: mashamba ya wakulima yaliyo jirani na majaribio ya muda mrefu yanaongeza kaboni au yanaipoteza? Ameona tuanze na jaribio la zamani kabla ya kwenda vijijini.

Mambo ya msingi amenieleza tukiwa tumesimama kati ya vigingi. Mmea huvuta hewa ukaa, huitengenezea majani na mizizi. Vikianguka na kuoza, vijidudu vya udongoni huvila, na sehemu kubwa ya kaboni hurudi hewani kupitia pumzi yao. Kidogo kinachobaki hunata kwenye chembe za mfinyanzi au hujificha ndani ya mabonge madogo ambamo vijidudu havifiki. Kidogo hicho, kikijumlishwa dunia nzima, si kidogo hata chembe: mita moja ya juu ya udongo ina kiasi cha tani bilioni 1,500 za kaboni, zaidi ya iliyo angani na iliyo kwenye mimea yote kwa pamoja.

Ndiyo maana mwaka 2015, kwenye mkutano wa tabianchi wa Paris, Ufaransa ilizindua mpango uitwao "4 kwa 1000": kaboni ya udongo iongezwe kwa asilimia 0.4 kila mwaka, ili sehemu ya gesi tunazomwaga angani irudi ardhini. Katika warsha za hotelini mjini bado tunaimbiwa wimbo huo. Kabete wimbo ni mwingine. Vipimo vya watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao, vilivyochapishwa 1999 baada ya misimu ya miaka 18, vilionyesha kaboni imeshuka. Kipande kilichopewa samadi, mbolea na mabua kilishuka polepole kuliko vingine. Lakini nacho kilishuka.

"Andika hilo," mtafiti akaniambia. "Watu wengi husikia neno jaribio wakadhani tunapima ongezeko."

Jumanne, Embu

Thika, Makutano, mashamba ya mpunga ya Mwea, kisha barabara inapanda na hewa inabadilika. Mlima Kenya umejifunika, hatukuuona siku nzima.

Embu ni mojawapo ya vituo vinne vya jaribio moja kubwa: Embu na Machanga ya Mbeere vilianza 2002, Sidada ya Siaya na Aludeka ya Busia vikafuata kama miaka mitatu baadaye. Watafiti wa hapa nyumbani wamelilea, akiwemo Profesa Daniel Mugendi, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Embu, na wenzao wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, na wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi, wakaja kulipima upya. Vituo vyote vinne vina mpango mmoja. Kila mwaka vipande vinapewa kaboni tani 1.2 au tani 4 kwa hekta, ila kwa sura tofauti: majani ya tithonia (kichaka cha maua ya njano), majani ya kaliandra (mti mdogo wa malisho), mabua ya mahindi, vumbi la mbao, au samadi ya eneo hilo. Nusu ya kila kipande huongezewa naitrojeni ya viwandani, kilo 120 kwa hekta kila msimu. Nusu nyingine haipewi.

Matokeo yalichapishwa 2023, na mtafiti wetu anayajua kama wengine wanavyojua matokeo ya ligi. Kwa miaka 19, vipande visivyopewa kitu vilipoteza kwa wastani asilimia 42 ya kaboni iliyokuwa katika sentimita 15 za juu. Vilivyopewa tithonia au kaliandra, zile tani 4, vilipoteza kama asilimia 24. Vya samadi, tani 4 vilevile, vilipoteza asilimia 13. Vumbi la mbao halikusaidia, na mbolea ya dukani peke yake haikuokoa kitu. Mabua nayo hayakufua dafu katika vituo vitatu kati ya vinne.

Nikamuuliza kwa nini ardhi ipoteze hata inapolishwa hivyo. Akasema sababu iliyo karibu ni kwamba maeneo hayo yaligeuzwa mashamba ya kudumu miongo michache tu kabla ya jaribio kuanza. Udongo bado unatumia urithi wa msitu na kichaka, na urithi huo ni mkubwa kuliko posho unayopewa sasa.

Mchana tulikuwa kwa mzee mmoja mwenye ekari moja na kidogo, kahawa juu, mahindi chini, ng'ombe wawili bandani na majani ya nepia pembezoni mwa kila kitu. Fundi akaanza kazi. Kwanza kekee, mashimo kadhaa yaliyotawanywa shambani, udongo wa kina kimoja unachanganywa kwenye ndoo na kutiwa mfukoni. Kisha sehemu inayochukua muda: pete ya chuma inagongwa kwa nyundo mpaka izame, inatolewa na udongo wake wote, kingo zinakatwa kwa kisu. Pete hiyo ndiyo inayopima udongo ulivyoshikana. Bila hiyo, asilimia ya kaboni haina maana, kwa sababu udongo uliotoka kulimwa umevimba. Sentimita 15 zake zina udongo mchache kuliko sentimita 15 za shamba lililolala. Ukilinganisha kina kwa kina, jembe peke yake linaweza kukuonyesha hasara au faida ambayo haipo. Ndiyo maana watafiti makini hulinganisha uzito kwa uzito.

Mzee alikuwa anatazama. "Mwalimu, udongo wangu ni kama gunia lenye tundu," akasema. "Naweka, naweka."

"Unaweka nini, Mzee?"

"Samadi. Ya hawa wawili haitoshi, kwa hiyo nanunua ya lori. Inatoka kwa Wamasai, Kajiado."

Mtafiti aliacha kuandika. Usiku, kwenye chakula (githeri, na parachichi kubwa la mtu wa nyumba ya wageni), alinipigia hesabu. Ng'ombe wa kienyeji hutoa samadi kavu kiasi cha tani moja hadi moja na nusu kwa mwaka. Ikiwa robo ya samadi hiyo ni kaboni, basi tani 4 za kaboni kwa hekta ni tani 16 za samadi kavu. Kwa ekari moja ni zaidi ya tani 6. Mzee angehitaji ng'ombe watano, sita au saba, na mahali pa kuwalisha. Hana. Anazikodi nyasi za Kajiado bila kuzijua.

Na kaboni iliyo kwenye lori lile haikutoka hewani jana. Ilikuwa nyasi ya mahali fulani, ambayo ingeanguka na kuoza palepale. Imehamishwa tu. Shamba la Embu likipimwa, litaonekana limehifadhi. Nani atakwenda kupima kule nyasi zilikotoka?

Tangu hapo, kila tulipofika nimekuwa nikiuliza swali hilo moja: samadi hii imetoka wapi?

Jumatano, Mbeere

Ukishuka kutoka Embu kwenda Mbeere, jasho linaanza kabla ya vumbi. Chai na kahawa hakuna tena. Kuna ndengu, kuna mbuzi, kuna vishamba vya muguka vinavyomwagiliwa kwa uangalifu ambao mahindi hayajawahi kuonja. Machanga iko huku, kwenye udongo wa kichanga.

Mchanga na mfinyanzi ndiyo tofauti kubwa katika habari hii yote. Chembe za mfinyanzi ni nyembamba mno, na zina uso mkubwa wa kaboni kunata. Mchanga hauna pa kushikia. Udongo wa Embu ulikuwa na kaboni mara tano hivi kuliko wa hapa jaribio lilipoanza. Kekee ya fundi ilizama kirahisi mpaka ikamchekesha, ila udongo ukawa unamwagika kabla haujafika kwenye ndoo. Alilazimika kumwagia maji shimo kabla ya kupiga pete.

Sasa hapa ndipo mambo yanapogeuka. Kati ya vituo vinne, ni kimoja tu kilichoonyesha ongezeko la kweli, nacho ni kile kilichoanza na kaboni haba kuliko vyote, kiasi cha gramu 6 kwa kila kilo ya udongo. Huko samadi ya tani 4, au kaliandra pamoja na mbolea, iliinua kaboni juu ya pale ilipoanzia. Aliyefilisika hana cha kupoteza, chochote anachopewa kinaonekana. Lakini mtu asije akakimbilia kutangaza kwamba ardhi ya mchanga ndiyo dawa. Kuongeza kidogo juu ya kidogo bado ni kidogo.

Shosho aliyetupokea ana mbuzi ambao sikuwahesabu. Mchana wanazurura vichakani, usiku wanalala bomani. Swali langu alilijibu kwa mkono, akionyesha vilima: samadi yake imetoka kule, kwenye majani ya miti ambayo si ya mtu. Mbuzi ndio wabebaji. Alitaka kujua kama serikali inaanza kutoza kodi ya udongo, maana hajaelewa kwa nini watu wazima wanasafiri na gari zima kuja kuuchota. Mtafiti alimjibu kwa heshima na kwa kirefu. Shosho akamsikiliza, kisha akatuuliza kama tumekula.

Alhamisi, barabarani

Embu hadi Nakuru kupitia Nairobi. Msongamano, malori, mahindi ya kuchoma Naivasha. Mifuko ya udongo ilikuwa imefunguliwa midomo kwenye karatasi nyuma ya gari ili ipoe, na dereva alinuna mpaka Gilgil.

Ijumaa, Nandi na Kakamega

Tulipita Kapsabet, chai pande zote, kisha tukateremka kuelekea Kakamega.

Njia hii haikuwa ya lazima, lakini mtafiti alitaka kuiona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, pamoja na wenzao wa Kenya, walifanya kitu cha werevu hapa. Badala ya kungoja miaka 100 waone msitu unapogeuzwa shamba unafanyaje, walitafuta mashamba yaliyofyekwa nyakati tofauti, kuanzia mapema karne iliyopita hadi yaliyofyekwa juzijuzi, wakayapanga kwa umri wao na kuyalinganisha na msitu uliobaki. Umri wa shamba ukawa badala ya saa. Waliona kaboni inaporomoka kwa kasi katika miaka 20 au 30 ya kwanza, kisha mteremko unalegea, udongo unatulia kwenye kiwango cha chini.

Ndani ya msitu wa Kakamega, hatua chache tu kutoka kijia cha umma, mtafiti aliinama akachota kiganja cha udongo wa juu. Mweusi, mwepesi, unaviringika vipunje vipunje. Hatukuchukua sampuli. Hatukuwa na kibali, na hakuwa mtu wa kufanya mambo kwa mkato. Baadaye kidogo, kwenye shamba la mahindi lililopakana na miti, alichota kingine. Rangi ya tofali, na kikavunjika vipande vyenye pembe. Mwenye shamba, kijana mwenye boda boda, alisema babu yake ndiye aliyefyeka. Mahindi ya babu hayakuwahi kununuliwa mbolea. Yake bila mbolea hayafiki magotini.

Kwa kweli hapa ndipo nilipoielewa ile asilimia 42 niliyotajiwa Embu. Si kwamba wakulima wa sasa wameharibu kwa makusudi. Wamerithi mteremko ukiwa katikati.

Jumamosi, Siaya

Sidada. Udongo wa mfinyanzi tena, mwekundu, na mvua ya alasiri inayokuja kwa wakati wake.

Siaya ina majaribio mengine ya muda mrefu pia, ya CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambako walijaribu kilimo hifadhi: kutolima, kufunika ardhi kwa mabua, kuchanganya mahindi na mikunde. Makala yao ya 2018 haikuzunguka mbuyu. Upotevu ulipunguzwa, uhifadhi haukupatikana. Kwa mtu aliyekaa kwenye semina nyingi za kilimo hifadhi, nilivyokaa mimi, hiyo ni kauli nzito.

Sababu mojawapo tuliiona kwa macho. Mama mmoja, mkulima hodari, alikuwa ametandaza mabua shambani kama alivyofundishwa na bwana shamba. Fundi aliyainua kwa ncha ya kiatu. Chini yake mchwa walikuwa wameshayageuza makaratasi. Mahali penye joto, unyevu na mchwa, bua halikai mpaka msimu ujao. Na hata mchwa wasingekuwepo, ng'ombe wangekuwepo. Katika vijiji hivi baada ya mavuno mifugo huachiwa mashamba, na ukitaka mabua yako yabaki itabidi ugombane na jirani ambaye ng'ombe wake ni wa mahari ya mwanao.

Mama alicheka tulipomwambia hivyo. "Niliyatandaza kwa sababu ya mvua, si kwa sababu ya hiyo kaboni yenu. Yakiwepo hata wiki chache, maji hayaondoki na udongo wangu."

Halafu kuna tithonia, yale maua ya njano yanayoota kando ya kila barabara ya magharibi. Yana naitrojeni nyingi, yanaoza haraka, na mahindi huyapenda. Watafiti wameyasifu tangu miaka ya 1990. Lakini hebu tupige hesabu ya zile tani 4. Majani makavu yana kaboni kama asilimia 40, kwa hiyo ni tani 10 za majani makavu kwa hekta. Majani mabichi ni maji kwa sehemu nne kati ya tano, kwa hiyo ni tani 50. Kwa ekari moja ni tani 20. Mzigo wa kichwani wa kilo 25, mizigo 800, kila mwaka, baada ya kukata na kabla ya kutandaza. Niliposoma idadi hiyo kwa sauti, Mama alitazama kichwa changu, akaniambia nianze mimi.

Samadi yake? Ng'ombe mmoja, na kinyesi cha kuku anachonunua kwa mwenye banda la mayai barabarani. Chakula cha kuku hao kimetoka kiwandani, na mahindi ya kiwandani yametoka kwa mkulima mwingine. Mnyororo haukatiki.

Jumapili, Ugunja

Hatuchimbi leo. Nusu ya mji iko kanisani, nusu iko sokoni. Tumekaa chini ya mwembe wa nyumba ya wageni na daftari.

Nilitaka kuzungumzia fedha, kwa sababu kila msikilizaji atakayepiga simu kipindini ataniuliza hilo kwanza: kaboni inalipa kiasi gani? Eneo hili lina historia. Mradi wa Kenya Agricultural Carbon Project, ulioendeshwa na Vi Agroforestry kwa msaada wa mfuko wa Benki ya Dunia, ulikusanya wakulima wa Kisumu, Siaya na Bungoma, na mwanzoni mwa 2014 ukawa wa kwanza duniani kupewa vyeti vya hewa ukaa (hati zinazouzwa, kila moja kwa tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa) chini ya taratibu mpya iliyotungwa kwa kilimo endelevu cha aina hii, karibu tani 25,000. Watu walikuja kutoka mbali kuona.

Ila vyeti hivyo havikutokana na kekee katika kila shamba. Wakulima waliripoti wanachofanya, samadi, miti, mabua, matuta, na modeli ya kompyuta iitwayo RothC ikakadiria kaboni. RothC ilizaliwa Rothamsted, Uingereza, mahali penye majaribio makongwe kuliko yote, ngano ya Broadbalk tangu 1843. Kule kuna kipande cha shayiri, Hoosfield, kilichopewa samadi kuanzia 1852 hadi 1871, kisha kikanyimwa kabisa. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado kilikuwa na kaboni nyingi kuliko jirani yake ambaye hakuwahi kupewa. Ndivyo ilivyo kwenye baridi ya Uingereza. Siaya hailali. Vijidudu vinakula Januari mpaka Desemba. Mtafiti hasemi modeli ni bure, yeye mwenyewe anazitumia. Anasema lazima zirekebishwe kwa vipimo vya huku, na vipimo vya huku ni vile vipande vichache tulivyovitembelea.

Kwa nini basi wasipime tu kila shamba? Akageuza ukurasa. Hekta moja, kina cha sentimita 20, ni kama tani 2,400 za udongo. Ukiwa na kaboni asilimia 2, hizo ni tani 48. Asilimia 0.4 ya hapo, lile lengo la Paris, ni kilo 192 kwa mwaka. Zitawanye ndani ya tani 2,400 na unapata gramu 0.08 kwa kilo. Mashimo mawili yaliyopishana hatua tano shambani kwa Mama wa jana yanaweza kutofautiana kwa gramu nzima. Lazima ungoje miaka kumi au zaidi, na uchimbe mashimo mengi sana, kabla hujathubutu kusema kitu kimesogea.

Na malipo? Kilo 192 za kaboni ni kama kilo 700 za hewa ukaa. Kwa ekari moja ni kilo 280 na kidogo. Tuseme tani inanunuliwa kwa dola 10. Mkulima, ikiwa atapewa yote bila dalali, mkaguzi na ofisi kuchukua chao, anapata chini ya shilingi 400 kwa mwaka.

Dereva, aliyekuwa amejilaza akisikiliza, akauliza kama hiyo ni kwa mwezi.

Lipo na jambo jingine ambalo wauzaji wa hewa ukaa hulipitia haraka. Kaboni iliyotulia udongoni haikai peke yake. Tani moja yake huja na kiasi cha kilo 80 za naitrojeni, na fosforasi na salfa juu yake. Vijidudu haviwezi kujenga bila matofali hayo. Kwa hiyo mkulima anayeambiwa aweke akiba ya kaboni anaambiwa pia, kwa sauti ya chini, aweke akiba ya mbolea mahali ambapo mahindi yake hayataifikia kwa urahisi. Kwa bei za mbolea ya DAP tunazozijua. Mimi naona huo ni mzigo usio wake.

Jumatatu, Aludeka

Kaskazini ya Busia, malori ya Malaba yamepanga foleni, na Uganda iko pale ng'ambo. Udongo ni wa kichanga tena, kijivu, muhogo na wimbi zaidi ya mahindi.

Mzee wa hapa alikuwa anachoma takataka za shamba tulipofika. Hakuona aibu yoyote, wala sisi hatukumtia aibu. Panya na magugu, alisema. Mtafiti aliuliza kama tunaweza kuchukua sampuli mahali alipochoma na mahali ambapo hakuchoma, akakubali, akashika nyundo ya pete mwenyewe. Alikuwa na mkono mzuri kuliko fundi. Mkaa mchache unaobaki baada ya moto, kwa bahati, ni ile aina ya kaboni ambayo vijidudu huisumbukia kwa muda mrefu. Ila ni mchache, na mengine yote yamekwenda na moshi.

Nikamuuliza swali langu. Mzee akaniambia hana samadi. Ng'ombe waliuzwa kulipa karo, na mtoto amemaliza Chuo cha Ualimu.

Niliandika jibu hilo kama lilivyo. Katika mlolongo wote wa lori la Kajiado, mbuzi wa Mbeere na kuku wa Siaya, huyu ndiye pekee aliyejua kaboni yake ilikwenda wapi.

Akamuuliza mtafiti: kwa shamba kama hili, angefanya nini yeye? Mtafiti hakutaja kaboni hata mara moja. Karanga au kunde kati ya muhogo, ili naitrojeni isinunuliwe yote. Takataka zirundikwe mahali pamoja zioze badala ya kuchomwa, kisha ziwekwe kwenye mashimo ya kupandia tu na si shamba zima, maana hazitatosha. Matuta ya nyasi kwenye ule mteremko wa kusini. Na mbolea kidogo, kifuniko cha chupa kwa kila shimo, kwa sababu mmea mkubwa huacha mizizi mikubwa. Mzee alikubali yote isipokuwa matuta. Mteremko wa kusini ni wa kaka yake.

Jumatano, maabara

Udongo umetandazwa kwenye trei, unakauka kivulini. Baadaye utapondwa na kupitishwa kwenye chekeche la milimita 2. Udongo wa pete unakwenda kwenye joko la nyuzi 105 ili maji yote yatoke kabla ya mizani.

Fundi alinionyesha njia ya zamani, ya Walkley na Black ya 1934: asidi ya salfuriki na dikromati, kimiminika cha rangi ya chungwa kinachogeuka kijani kadiri kinavyoila kaboni. Inanuka, inaunguza, na haiikamati kaboni yote, ila bado ndiyo njia ya maabara nyingi za vyuo vyetu kwa sababu ni rahisi kwa bei. Njia mpya ni ya mwanga wa infraredi. Udongo uliosagwa kama poda unawekwa kwenye kijishimo, mwanga unaupiga, na baada ya sekunde chache kuna mchoro ambao kompyuta inaugeuza kuwa makadirio ya kaboni. Watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto pale Gigiri, wamekuwa wakiisukuma njia hii tangu mapema miaka ya 2000, na ndiyo itakayofanya sampuli elfu ziwezekane kwa fedha za sampuli mia. Lakini hata mashine hiyo hufundishwa kwanza kwa sampuli zilizopimwa kwa njia ngumu.

Nilimuuliza mtafiti atarudi lini kuchimba mara ya pili, ili ajue yale mashamba yanapanda au yanashuka. Akasema ufadhili wa masomo yake ni wa miaka mitatu, na mmoja umekwisha. Kwa hesabu zake mwenyewe za Ugunja, hilo halifiki popote. Kwa hiyo anafanya anachoweza: nusu ya kila sampuli inapimwa, nusu inafungwa na kuandikwa mahali, kina, tarehe na uzito wa pete, ili mwingine akija na kekee apate pa kuanzia. Ameomba chuo kimpe kabati moja la kuhifadhia. Barua ya kwanza haikujibiwa, na leo asubuhi amepeleka ya pili.

Kipindi kitaruka Jumamosi saa moja jioni. Ile hesabu ya shilingi 400 nimeiweka mwanzoni, kabla ya tangazo la mbegu.